Maswali na Majibu: Vimelea Vikivamia Tangi la Samaki

Barua nyingi tulizopokea kuhusu samaki wa mapambo zina malalamiko yaleyale: dawa imetiwa, pesa imekwenda, na samaki bado wanajikuna au wanakufa. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Vipimo vyote hapa ni vya matangi ya maji yasiyo ya chumvi, na tumetumia lita 100 ili kila mtu apate urahisi wa kupigia hesabu ya tangi lake.

SWALI: Tangi langu lina urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 45. Nafuga moli na plati. Wiki mbili zilizopita walitokwa na vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi, mwilini na kwenye mapezi. Nikatia dawa ya madoa meupe mara moja kama nilivyoelekezwa, na baada ya siku mbili vidoa vikatoweka vyote. Siku ya tano vimerudi, tena vingi kuliko mwanzo, na plati wawili wamekufa. Je, niliuziwa dawa feki?

JIBU: Huenda dawa yako ni nzima kabisa. Vidoa havikutoweka kwa sababu ya dawa. Vilitoweka kwa sababu wakati wake wa kumwacha samaki ulikuwa umefika.

Kila kidoa unachokiona ni kimelea kimoja cha *Ichthyophthirius multifiliis*, kiumbe cha seli moja kilichojipenyeza chini ya ngozi na kinakula humo humo. Kikiwa pale, dawa unayomimina majini haikifikii. Ngozi ya samaki inakikinga. Kikikomaa, kikiwa na ukubwa wa hadi milimita 1, kinajitoboa, kinaanguka, kinashika kwenye changarawe, jani au kioo, na kujifunika ganda laini. Ndani ya ganda hilo kinagawanyika mara baada ya mara hadi kutoa mamia ya watoto, pengine hata elfu. Watoto hao hupasua ganda na kuogelea kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku 2 hivi, wanakufa. Ni katika saa hizo za kuogelea ndipo dawa, chumvi au joto vinapowapata.

Sasa utaona kilichotokea kwako. Dozi moja iliwaua waliokuwa wakiogelea siku ile. Waliokuwa chini ya ngozi waliendelea kula, wakashuka chini, wakazaa, na watoto wao wakakuta maji yameshaisha nguvu ya dawa.

Kasi ya mzunguko huu inategemea joto la maji. Zaidi ya nyuzijoto 24 unaweza kukamilika kwa chini ya siku 4. Chini ya nyuzijoto 7 huchukua zaidi ya wiki 5. Kwa hiyo anayekwambia "tibu siku saba" bila kukuuliza kipimajoto chako kinasoma ngapi, hajakusaidia.

Anza na hesabu ya maji, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Usitumie kimo cha kioo. Pima kimo cha maji. Kama maji yako yamefika sentimita 40, basi 80 × 35 × 40 ÷ 1000 ni lita 112. Changarawe ya sentimita 5 inachukua eneo la lita 14, na zaidi ya nusu ya hizo ni mawe matupu, kwa hiyo toa lita 8. Kama kuna magogo na mawe ya mapambo, toa nyingine 3 au 4. Una lita 100 za maji halisi. Mtu anayepima dawa kwa ukubwa wa tangi ulioandikwa kwenye boksi huwa anazidisha dozi bila kujua.

Kwa moli na plati, tiba tunayoipendekeza kwanza ni chumvi pamoja na joto, kwa sababu samaki hawa wanavumilia vyote viwili vizuri. Chumvi ya kawaida, isiyotiwa viungo, gramu 3 kwa kila lita: kwako ni gramu 300. Usiimwage yote kwa mkupuo. Koroga gramu 100 kwenye jagi la maji ya tangi hadi ziyeyuke, mimina polepole karibu na mtokeo wa filta, kisha rudia baada ya saa 12, na tena baada ya saa 12 nyingine. Usimwage chumvi kavu juu ya changarawe: chembe zikimwangukia samaki aliyelala chini, zinamuunguza.

Wakati huohuo pandisha hita kwa nyuzijoto 1 kila baada ya saa 4 hadi 6, mpaka ifike 30. Katika joto hilo vimelea wengi wa aina hii hushindwa kuzaliana. Wapo wanaostahimili, ndiyo maana hatutegemei joto peke yake. Tahadhari kubwa ni hewa: maji ya nyuzijoto 25 yanaweza kubeba oksijeni kiasi cha miligramu 8 kwa lita, na yakifika 30 uwezo huo unashuka hadi kama 7.5, huku samaki mwenye joto akihitaji oksijeni zaidi, na matamvua yake yameshaharibiwa na vimelea. Weka pampu na jiwe la hewa kabla ya kugusa hita. Samaki wengi wanaosemekana "wameuawa na joto" wamekufa kwa kukosa pumzi.

Kila siku, au angalau kila baada ya siku moja, nyonya changarawe kwa mpira ukitoa lita 20 hadi 25. Watu hulipuuza hili kwa kuona ni usafi tu, kumbe kwenye changarawe ndiko vilipo vile vifuko, na kila kimoja unachokitoa ni mamia ya watoto ambao hawatazaliwa. Maji ya kurudishia yawe na joto lilelile na yawe yametolewa klorini. Chumvi unayorudisha ni ya maji uliyotoa tu: ukitoa lita 25, rudisha gramu 75. Maji yaliyopungua kwa kukauka hujazwa bila chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke.

Endelea hivyo kwa siku 10 hadi 14, na usikome kabla ya siku 3 kamili kupita tangu uone kidoa cha mwisho. Tegemea siku ya pili au ya tatu vidoa viongezeke. Ni vimelea vilivyokuwa vimeshaingia, sasa vimekua vya kutosha kuonekana. Huo si wakati wa kuongeza dawa ya pili juu ya ya kwanza.

Ukimaliza, shusha joto taratibu kama ulivyolipandisha, na chumvi itapungua yenyewe kwa kubadilisha maji robo robo. Mimea laini ya majini huenda ikaathirika kwa gramu 3; kama unaithamini, ihamishie kwenye ndoo isiyo na samaki kwa wiki moja au mbili. Vimelea vilivyoganda kwenye majani vitakufa kwa kukosa samaki.

SWALI: Mimi tangi langu lina koridora, neon tetra, uduvi wekundu na konokono. Vidoa vyeupe vimeanza kwa tetra watatu. Nimeambiwa chumvi itaua koridora na dawa itaua uduvi. Nifanye nini?

JIBU: Waondoe uduvi na konokono. Ndoo yenye filta ndogo ya sponji na maji safi inawatosha. Kimelea hiki hakiishi ndani ya miili yao, ila kifuko kinaweza kushika kwenye gamba, hivyo wakae huko bila samaki kwa muda wote wa matibabu.

Kwa waliobaki, angalia ni koridora wa aina gani. *Corydoras sterbai* anazoea maji ya nyuzijoto 28 hadi 30 bila shida kubwa. *Corydoras paleatus* ni wa maji ya ubaridi na joto hilo litamchosha kabla halijamchosha mdudu. Kama ni sterbai, joto la 30 na chumvi ya gramu 1 kwa lita inawezekana. Kama ni paleatus, acha joto la kawaida na utumie dawa yenye malakaiti kijani na formalini, nusu ya dozi iliyoandikwa, kwa sababu samaki wasio na magamba ya kawaida pamoja na tetra huathirika na malakaiti haraka kuliko wengine.

Dozi hurudiwa kila baada ya siku moja kwa maji ya nyuzijoto 24 hadi 26, si chini ya mara 4, na kabla ya kila dozi badilisha robo ya maji. Toa mkaa kwenye filta na uzime taa ya UV kama ipo. Vyote viwili huondoa dawa kimyakimya, kisha mtu anasema dawa haifanyi kazi. Formalini inakula oksijeni: kila miligramu 5 kwa lita huondoa kiasi cha miligramu 1 ya oksijeni. Dozi ya kawaida ya miligramu 25 kwa lita ina maana gani kwenye tangi lisilo na pampu ya hewa, piga hesabu mwenyewe. Chupa yenye mashapo meupe chini isitumike kabisa, hata kidogo. Formalini ya namna hiyo imegeuka kuwa sumu kali zaidi kwa samaki.

Vaa glavu. Malakaiti inashukiwa kusababisha saratani, na mama mjamzito asiishughulikie. Pia inapaka rangi gundi ya kona za tangi, na rangi hiyo haitoki.

Soma lebo uone kama kuna shaba. Ikiwepo, uduvi na konokono wasirudi hadi utakapobadilisha maji mara kadhaa na kuweka mkaa mpya kwenye filta, na upime shaba kabla ya kuwarudisha. Shaba kidogo tu inawamaliza.

SWALI: Samaki wangu wanapumua haraka juu ya maji na kujikuna kwenye mawe, lakini sioni kidoa hata kimoja. Nimeshatia dawa ya madoa meupe mara mbili. Hakuna nafuu.

JIBU: Acha dawa kwanza. Pima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula. Vyote viwili vinatakiwa visome 0. Vikisoma chochote, hapo kwenyewe pana sababu ya kutosha ya samaki kuhema, na dawa ulizotia zinaweza kuwa zimedhoofisha bakteria wa filta na kuzidisha tatizo. Badilisha nusu ya maji leo, punguza chakula, pima tena kesho.

Vipimo vikiwa safi, fanya hivi usiku: zima taa zote chumbani, subiri dakika 10, kisha mmulike samaki kwa tochi kutoka ubavuni, mwanga ukipita sambamba na ngozi yake. Angalia mgongo, nyuma ya kichwa. Ukiona vumbi la rangi ya dhahabu au kutu, laini kuliko unga, lililotanda kama ukungu, huyo ni *Piscinoodinium*. Kwa taa ya kawaida ya tangi, inayomulika kutoka juu, vumbi hilo halionekani, na ndiyo maana watu hulikosa hadi siku ya vifo.

Kimelea hiki kina chembe za kijani za kutengenezea chakula kwa mwanga, kama mimea. Kwa hiyo funika tangi kwa kitambaa kizito na uzime taa kwa muda wote wa matibabu. Pandisha joto hadi 28. Dawa yake ya uhakika ni shaba, ikidumishwa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita na kupimwa kila siku kwa kifaa cha kupimia shaba. Bila kifaa hicho, usijaribu: chini ya kiwango haiui, juu kidogo inaua samaki, na katika maji laini sumu yake huongezeka zaidi. Mfululizo usipungue siku 10.

Kama hakuna vumbi lolote, na hasa ukiona samaki anafungua upande mmoja wa matamvua kuliko mwingine, au ngozi imetoka ute wa kijivujivu, fikiria minyoo bapa. Kuna jamaa wawili. *Gyrodactylus* hukaa zaidi kwenye ngozi na mapezi, na huzaa watoto hai. Mtoto anazaliwa akiwa tayari ana kijusi chake tumboni, ndiyo maana tangi hujaa ghafla. *Dactylogyrus* hukaa kwenye matamvua na hutaga mayai. Dawa ya madoa meupe ya dukani mara nyingi haiwatoshi hawa. Dawa yao ni prazikwanteli, miligramu 2.5 kwa lita, yaani miligramu 250 za dawa yenyewe kwa lita 100.

Unga wa prazikwanteli unayeyuka kwa shida. Ukiumwaga mkavu utauona unaelea kama vumbi la chaki na kuishia kwenye sponji ya filta. Weka dozi kwenye chupa ndogo yenye maji ya uvuguvugu, funga, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, mimina, jaza maji tena chupani na urudie hadi isibaki kitu. Acha dawa majini siku 5, badilisha theluthi moja ya maji, kisha tia tena. Dozi ya pili ni ya lazima, na ya tatu ni busara, kwa sababu prazikwanteli haiui mayai. Dozi ya kwanza inaua wazazi; zinazofuata zinawakuta watoto walioanguliwa kabla hawajaanza kutaga. Uzuri wa dawa hii ni kwamba mimea na filta huivumilia, na samaki wengi pia. Usitumie vidonge vya minyoo vya mbwa au paka, maana mara nyingi vimechanganywa na dawa nyingine ambazo hukuzikusudia.

SWALI: Gapi wangu majike wana nyuzi nyekundu zinazochungulia njia ya haja. Wakitulia zinatoka, wakiogelea zinarudi ndani. Wanakonda mgongo. Ni nini?

JIBU: Ni *Camallanus*, na kwa dalili uliyoieleza hakuna haja ya hadubini. Hizo nyuzi ni mikia ya minyoo ya kike iliyoshika ukuta wa utumbo kwa taya zake na kunyonya damu. Rangi nyekundu inatokana na damu hiyo. Hutoa watoto hai kupitia kinyesi, wenzake wanadonoa, nao wanaambukizwa. Ukiona samaki mmoja ana nyuzi, hesabu kwamba tangi zima linazo. Kumtenga huyo mmoja ni kazi bure.

Prazikwanteli haifai hapa, wala metronidazoli. Hii ni minyoo ya mviringo, na inataka levamisoli: miligramu 2 kwa lita. Kwa lita 100 ni miligramu 200 za dawa. Kama una dawa ya maji yenye asilimia 10, kila mililita ina miligramu 100, basi unahitaji mililita 2 tu. Tumia sirinji, usikadirie kwa kifuniko. Soma lebo mstari kwa mstari. Dawa za mifugo zenye levamisoli wakati mwingine huchanganywa na oksiklozanidi, na mchanganyiko huo usiingie kwenye tangi. Ivamektini nayo iache kabisa. Tofauti kati ya dozi inayoua minyoo na inayoua gapi ni ndogo mno.

Tia dawa jioni taa zikiwa zimezimwa, na ufunike tangi, kwa sababu mwanga huivunja. Levamisoli haiui minyoo papo hapo. Inaipoozesha, ikaachia utumbo, ikatoka. Asubuhi unaweza kuiona chini, mingine bado inajikunjakunja. Hapo ndipo kazi yako ilipo: ndani ya saa 24 nyonya sakafu yote ya tangi, kona kwa kona, ukitoa zaidi ya nusu ya maji. Usipofanya hivyo samaki wataila upya pamoja na watoto waliomo ndani yake. Kama changarawe yako ni nene, iondoe kwa muda wa matibabu na ubaki na kioo kitupu. Utaona kila kinachoanguka na kukitoa kwa urahisi.

Rudia dozi hiyohiyo baada ya wiki 2 au 3. Jike aliyekonda sana anaweza kufa baada ya minyoo kutoka, kwa kuwa utumbo umebaki na vidonda. Lisha kidogo kidogo mara nne kwa siku, chakula laini, wala usiilaumu dawa.

Ukikosa levamisoli, fenbendazoli kwenye chakula husaidia kwa samaki ambao bado wanakula: miligramu 250 za dawa kwa gramu 100 za chakula, wape siku 3, kisha rudia baada ya wiki 2 hadi 3. Changanya na jelatini ili dawa isiyeyukie majini. Fenbendazoli huua baadhi ya konokono.

SWALI: Diskasi wangu anatoa kinyesi cheupe kirefu kama uzi, na ananing'inia pembeni. Bado anadonoa chakula lakini mara nyingine anakitema.

JIBU: Kinyesi cheupe peke yake kinaonyesha tu kwamba utumbo hauna chakula na unatoa ute. Kikiandamana na kukonda na kutema chakula kwa diskasi, mshukiwa wa kwanza ni *Spironucleus*, kimelea cha seli moja cha utumboni. Madhali bado anakula, mtibu kupitia chakula, ndiko dawa inakofika panapohusika. Saga kidonge kimoja cha metronidazoli cha miligramu 250, changanya na gramu 25 za chakula kilicholoweshwa kidogo, na umlishe hicho tu kwa siku 5. Akigoma kula, tia majini miligramu 7 kwa lita kila siku kwa siku 3, ukibadilisha robo ya maji kabla ya kila dozi.

Kagua pia msongamano na nitreti. Kimelea hiki kinaweza kukaa kwa samaki mzima bila kuleta shida na kikapata nguvu pale maji yanapochafuka.

SWALI: Goldfish wangu ana kijiti cheupe kinachochomoza ubavuni, na pembeni yake pamekuwa pekundu. Nikivute?

JIBU: Ndiyo, lakini kwa utaratibu. Huyo ni *Lernaea* jike, jamaa ya uduvi, na mwisho wa kijiti hicho huwa na vifuko viwili vya mayai. Kichwa chake kina matawi yaliyojikita kwenye nyama. Mshike samaki ndani ya kitambaa kilicholowa, mwache mdudu wazi, na kwa kibano kidogo mkamate karibu kabisa na ngozi. Vuta polepole kufuata mwelekeo alioingilia. Ukivuta kwa kushtukia au ukimkamatia kwenye mkia, anakatika na kichwa kinabaki ndani kuoza. Paka kidonda iodini ya povidoni kwa pamba, usiguse matamvua, na umrudishe samaki majini. Kazi nzima isizidi nusu dakika.

Uliyemtoa ni mzazi tu. Watoto wako majini, na kwa joto la nyuzijoto 25 hadi 30 mzunguko wao huchukua siku 18 hadi 25. Diflubenzuroni inawazuia kujenga gamba jipya, kwa hiyo wanakufa wanapojaribu kujibadua. Kiwango chake ni miligramu 0.066 kwa lita, kiasi ambacho mizani ya nyumbani haiwezi kupima. Tengeneza maji ya akiba: gramu 1 ya unga wenye asilimia 25 ya dawa kwenye lita 1 ya maji itakupa miligramu 0.25 kwa kila mililita. Tikisa chupa kila unapochota, kwa sababu unga huzama. Kwa lita 100 chota mililita 26. Uduvi na kamba wote watakufa kwa dawa hii, na maji ya tangi hilo yasimwagwe kwenye mto, bwawa wala mfereji unaoelekea huko.

SWALI: Nimeona vijinyoo vyeupe, vyembamba, vinatambaa kwenye kioo. Nitie dawa gani?

JIBU: Usitie. Kama vinajinyonganyonga majini vikiwa vyembamba kuliko uzi, ni minyoo inayokula mabaki. Kama vinateleza kwenye kioo na vina kichwa cha pembetatu, ni planaria. Hao hudonoa mayai na uduvi wachanga, lakini hawamnyonyi samaki. Wote wanakuambia chakula kinazidi. Punguza nusu, nyonya changarawe mara mbili kwa wiki, nao watapungua. Ukiwaua wote kwa mpigo, miili yao itaoza ndani ya changarawe na utapata amonia kesho yake.

SWALI: Baada ya mlipuko wa madoa meupe, samaki wangu wote wamekufa. Je, nichemshe changarawe na kutupa filta? Na nikinunua wengine, nijilinde vipi?

JIBU: Pole sana. Usichemshe kitu, na filta usiitupe; sponji yake ina bakteria ambao wanaondoa amonia, na ukiwaua samaki wapya wataingia kwenye maji yenye sumu. Kimelea cha madoa meupe hakiwezi kuishi bila samaki. Acha tangi likifanya kazi kwa nyuzijoto 26 au zaidi kwa wiki 2 bila samaki hata mmoja. Wiki 1 ingetosha kwa hesabu, ya pili ni ya usalama. Kila siku 2 tia chakula kidogo, ili bakteria wasife njaa. Nyavu na mipira ianike juani hadi ikauke kabisa.

Kwa samaki wapya, tafuta tangi la pili la lita 20 hadi 40. Lisiwe na changarawe. Litie vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, hita, na filta ya sponji iliyokaa ndani ya tangi kubwa kwa wiki kadhaa ili iwe na bakteria tayari. Maji ya mfuko wa dukani yasiingie humo: mwage samaki kwenye wavu juu ya ndoo, kisha wavu ndio uende tangini. Wakae wiki 4. Watu wengi hukomea wiki 1, na minyoo ya utumboni haionekani kwa muda huo.

Katika wiki hizo usiwape mchanganyiko wa kila dawa iliyopo kabatini. Prazikwanteli mara mbili inakubalika, kwa kuwa minyoo bapa ni ya kawaida na haionekani kwa macho. Dawa nyingine zisubiri dalili. Angalia kinyesi kwenye sakafu tupu kila asubuhi kabla ya kulisha, mulika kwa tochi usiku mara moja kwa wiki, na hesabu pumzi za samaki aliyetulia, kisha uziandike ili ujue kawaida yake. Tangi hilo liwe na wavu wake, mpira wake na ndoo yake, na ulihudumie baada ya tangi kubwa, si kabla.

Mimea na konokono waliotoka kwenye matangi yenye samaki nao wakae peke yao wiki 2.